Rally ilihama Afrika, jina likabaki kwenye tangi

HONDA wana pikipiki inayoitwa Africa Twin. Yamaha wana ya kwao, Ténéré, jina la jangwa la Niger. Zote mbili ni ndefu, zina kioo kirefu cha kuzuia upepo, na huuzwa zaidi Ulaya na Marekani kwa watu ambao wengi wao hawajakanyaga Niger wala hawana mpango huo.

Majina hayo yametokana na mbio. Mwaka 1977 Mfaransa Thierry Sabine alipotea na pikipiki yake katika jangwa la Libya, akishindana kutoka Abidjan hadi Nice. Aliokolewa, akarudi nyumbani na wazo. Desemba 26, 1978, msafara wa kwanza wa Paris-Dakar uliondoka Paris. Aliyeshinda upande wa pikipiki alikuwa Cyril Neveu, juu ya Yamaha XT500 yenye silinda moja.

Wakati huo aliyetaka kwenda porini alinunua pikipiki nyepesi, na aliyetaka safari ndefu ya lami alinunua nzito. BMW walijaribu kuunganisha mambo hayo mawili mwaka 1980 kwa R80 G/S, yenye injini ya karibu cc 800. Herufi hizo mbili za Kijerumani ni za pori na barabara. Mwaka 1981 Hubert Auriol alishinda Dakar kwa BMW, na ushindi huo ukafanya kazi ambayo tangazo la gazetini lisingeweza. Mwaka 1984 kiwanda kilikuwa kinauza toleo lililoitwa Paris-Dakar, tangi lake lita 32.

Yamaha walishatoa XT600 Ténéré mwaka 1983. Honda walishinda mara nne mfululizo, 1986 hadi 1989, na katikati ya ushindi huo, mwaka 1988, wakaingiza sokoni Africa Twin ya kwanza.

Tangi la lita 30 lina maana pale ambapo petroli inayofuata iko mamia ya kilomita mbele, kwenye mchanga. Kwa mtu anayekwenda ofisini Milan ni mzigo tu. Lakini mnunuzi halipii petroli. Analipia uwezekano wa kuondoka siku moja. Watengenezaji walilielewa hilo mapema, wakaweka rangi za timu za mbio na ngao ya chuma chini ya injini.

Televisheni ikaongeza kasi. Mwaka 2007 mwigizaji Ewan McGregor na mwenzake Charley Boorman walisafiri kutoka Uskoti hadi Cape Town kwa BMW R1200GS Adventure, wakipita Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania. Enzi hizo njia ya Moyale hadi Isiolo ilikuwa mtihani wa kweli: changarawe yenye mawimbi iliyovunja shokapu na kulegeza kila nati. Leo ni lami, na malori ya mizigo hupita bila hadithi yoyote.

Kwa vijiji vya Mali, Niger na Mauritania, rally ilikuwa vumbi na kelele za siku moja, na zaidi ya mara moja msiba, kwani wanakijiji waligongwa na kufa, watoto wakiwamo. Hilo halikupata nafasi kwenye matangazo. Mwaka 2008 mashindano yalifutwa kwa hofu ya usalama baada ya watalii wa Kifaransa kuuawa Mauritania. Mwaka uliofuata yalihamia Amerika Kusini, na tangu 2020 yako Saudi Arabia. Dakar hawafiki tena, lakini jina lao bado linatumika. Hata Honda, waliokuwa wamesimamisha Africa Twin mwaka 2003, waliirudisha sokoni baada ya mbio kuhama.

Wakati huohuo pikipiki za mashindano zimepungua. Tangu 2011 wanaowania ushindi wanabanwa na kikomo cha cc 450. Dukani mambo ni kinyume: BMW R1300GS ya mwaka 2023 ina kilo 237 kabla mabegi hayajafungwa. Mwaka huohuo kiwanda kilitimiza GS milioni moja zenye injini ya aina hiyo ya silinda mbili zilizolala.

Ukanda huu nao una pikipiki yake ya lami na pori, ingawa hakuna aliyeipa jina la jangwa. Ni Boxer au TVS ya cc 100 hadi 150, uzito wake nusu ya ile ya Wajerumani au chini yake. Hubeba gunia la mkaa, mgonjwa, au abiria wawili na mbuzi. Ikikwama kwenye tope, watu wawili huinyanyua. Ikiharibika, spea iko kwenye kituo cha biashara kinachofuata, na fundi yuko chini ya mwembe na spana zake. Mgeni mwenye pikipiki ya cc 1,200 ikimfia porini huagiza kifaa kwa ndege, kisha hupanda bodaboda kwenda kukisubiri mjini.