Maharagwe ya kikapuni: Yachemshe kwanza

Huenda nawe ni mmoja wa wale wanaorudi kutoka kazini jioni wakiwa hoi. Watoto wana njaa, na maharagwe yanahitaji saa mbili jikoni ndipo yaive. Mwishowe unatuma mtoto akanunue chipsi kando ya barabara, na wiki nzima inapita hivyo. Walimu, makarani na akina mama wauza samaki ninaowatibu hapa Homa Bay na kule Migori hunieleza jambo hili karibu kila siku, hasa ninapowashauri wapunguze mafuta kwa sababu ya shinikizo la damu au kisukari.

Baadhi yao wamepata msaada kutoka kwa kikapu, kile ambacho wengi hukiita jiko lisilo na moto. Chakula huchemshwa kwa muda mfupi, kisha sufuria hufunikwa na kufukiwa ndani ya kikapu kilichotandikwa matambara mazito. Joto lililomo ndani ya sufuria ndilo linalomalizia kazi.

Ujuzi huu si mgeni duniani. Sanduku la aina hii kutoka Norway lilionyeshwa mjini Paris mwaka wa 1867. Waingereza nao walitumia masanduku yaliyojazwa nyasi kavu wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, ili wasiteketeze kuni na makaa mengi.

Kama daktari, nakisifu kikapu hiki. Hupunguza gharama ya makaa, na pia hupunguza moshi unaowaumiza kifua mama na watoto. Hata hivyo, kina sharti moja ambalo ukilipuuza utajuta.

Msichana aliyesingiziwa

Usiku mmoja aliletwa kwangu baba, mama na watoto wawili, wote wakitapika. Walikuwa wamekula chakula cha jioni saa mbili hivi kabla ya hapo. Nyuma yao alisimama msichana wao wa kazi akilia. Yeye hakuwa mgonjwa kwa kuwa alikula ugali na mboga peke yake, na majirani walikuwa wamekwisha kukata shauri kwamba ametia sumu chakulani.

Niliuliza maharagwe yalipikwaje. Msichana alieleza kwamba makaa yalikuwa yamekwisha, kwa hiyo maharagwe mekundu yalipoanza tu kutokota aliyaepua na kuyatia kikapuni. Jioni yalikuwa laini kwa nje ila mengine yalikuwa bado magumu katikati, wakayala hivyo hivyo.

Tuliwapa maji ya chumvi na sukari yanayotengenezwa kwa pakiti za hospitalini, na kulipopambazuka wote walikuwa na nafuu. Sikuwa na maabara ya kuyapima maharagwe yale, lakini dalili zote zilielekea upande mmoja. Nilimweleza baba wa nyumba kwamba sumu ilikuwamo ndani ya maharagwe yenyewe.

Maharagwe mabichi, hasa yale mekundu, yana protini ya asili iitwayo lektini. Punje 4 au 5 mbichi zinaweza kumfanya mtu atapike sana, na baadaye aharishe. Dalili huanza baada ya saa moja hadi tatu. Moto mkali huiangamiza protini hii, lakini joto la chini ya nyuzi 80 haliiangamizi. Maharagwe yaliyopashwa joto hafifu yanaweza hata kuwa na sumu kuliko mabichi. Tena yanaweza kulainika huku sumu ikiwa bado imo, kwa hiyo usiupime usalama wake kwa vidole.

Shirika la Afya Duniani hushauri maharagwe yalowekwe kwa saa 12, kisha yachemshwe kwa moto mkali kwa muda usiopungua dakika 10. Mimi nakushauri uchemshe kwa dakika 30. Sisi wakazi wa kando ya ziwa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu hutokota kwenye nyuzi 96 hivi, wala si 100. Wenye sufuria za umeme zinazopika polepole nao wafuate kanuni hii hii, kwani nyingi hazifikii joto la kutosha.

Namna ya kufanya

Chukua kikapu kipana. Kitandike blanketi kuukuu, pamba au vipande vya godoro, upana wa kiganja pande zote na chini, kisha shona mto mzito wa kufunikia. Sufuria ienee vizuri bila kuacha nafasi, iwe na mfuniko unaobana, na ijae angalau theluthi mbili, kwani sufuria yenye chakula kidogo hupoa haraka. Hakikisha hakuna kaa la moto lililoshikana na kitako cha sufuria, usije ukaunguza nyumba.

Loweka maharagwe asubuhi kabla ya kwenda kazini. Jioni ukirudi, mwaga maji hayo, tia mapya, na uchemshe kwa dakika 30 yakitokota kwelikweli. Yatie kikapuni mnamo saa kumi na mbili, usifunue, kisha endelea na shughuli zako. Kufikia saa tatu usiku kwa kawaida yatakuwa tayari. Yakiwa bado magumu, yarudishe motoni. Yaunge kwa kitunguu na nyanya, na chumvi kidogo.

Nyoyo, yaani githeri ya mahindi makavu, huhitaji muda mrefu zaidi. Ichemshe asubuhi siku ya mapumziko uile adhuhuri. Ndengu, mchele na supu ya mifupa pia hufaa. Mboga za majani kama vile osuga, dek au majani ya kunde zipikwe kando kwa dakika chache, maana zikikaa kikapuni hupoteza vitamini.

Usikiache chakula kilale

Hatari ya pili ni kuacha chakula kikapuni tangu alfajiri hadi usiku. Joto likishuka chini ya nyuzi 60, vijidudu vilivyosalia huanza kuzaana, hasa kwenye nyama, mchele na maharagwe. Vingine hutoa sumu isiyokufa hata ukikipasha chakula moto tena. Kwa hiyo usizidishe saa tano au sita. Ukifungua, mvuke ufuke na sufuria isishikike kwa mkono mtupu. Chakula ukikikuta kina uvuguvugu tu, kimwage. Kitakachobaki mezani kipoze haraka ukitie kwenye friji. Kama huna friji, pika cha kutosha mlo mmoja.

Ukifuata haya utapata mlo wenye protini, madini ya chuma na makapi yanayosaidia tumbo na kupunguza kasi ya sukari kupanda katika damu. Ongeza omena waliokaushwa, wenye madini yanayojenga mifupa, na kamulia ndimu ili mwili upokee chuma vyema. Chai isubiri saa moja baada ya mlo, kwani huzuia chuma hicho. Mwenye ugonjwa wa figo amwone daktari kwanza, maana maharagwe mengi huenda yasimfae.

Mtu akitapika baada ya kula, mpe maji yale ya pakiti kidogo kidogo. Mkimbize hospitalini akishindwa kunywa, akiharisha damu, akilegea au macho yakibonyea, na usichelewe akiwa mtoto mchanga, mzee au mja mzito.

Tena kabla ya kumnyoshea mtu kidole, uliza kwanza sufuria ilichemka kwa muda gani. Msichana yule bado yuko katika nyumba ile, na siku hizi haepui maharagwe kabla ya kuitazama saa ya ukutani.