Kabla ya kununua fimbo ya kurushia

Unatakiwa ugonge namba 3 kwanza, lakini namba 7 imekaa katikati ya njia. Mchezaji wa pool akikwama hivyo mara mbili tatu kwa usiku mmoja, kesho yake anaanza kuulizia bei ya fimbo fupi ya kurushia mpira. Mimi humuuliza kwanza: unachezea wapi?

Meza ndogo za kutumbukiza sarafu, zilizojaa kwenye baa zetu, mara nyingi huchezewa sheria za mtaani au za blackball, na kwenye blackball mpira mweupe kuruka juu ya mwingine ni faulo. Snooker ni hivyo hivyo. Huko fimbo hiyo haina kazi. Kurusha ni halali katika sheria za kimataifa za 9-ball na 8-ball, zinazochezwa kwa mipira ya kipenyo cha milimita 57, kwa kawaida kwenye meza ya futi 9. Hata ukiipata meza ya namna hiyo, mwombe ruhusa mwenyewe. Mruko huacha alama kwenye kitambaa, na mkono usiozoea unaweza kukichana.

Sasa jua unacholipia. Mpira haurushwi kwa kuchotwa kutoka chini; ukiuchota ni faulo. Unapigwa kutoka juu kwenda chini, unajigonga kwenye jiwe la meza, kisha unadunda. Fimbo ya kawaida ina gramu 510 hadi 595, na kwa uzito huo inachelewa kuupisha mpira, hivyo mpira unabanwa kati ya ncha na meza. Fimbo ya kurushia ina karibu nusu ya uzito huo, na ncha yake ni ngumu, haibonyei. Inagonga na kurudi papo hapo. Kwa kuwa ni fupi, mkono unapata nafasi, na huhitaji kuiinua wima ili mpira upae. Pesa yako inanunua wepesi wa kupaa. Shabaha haimo ndani ya boksi.

Katika maduka ya Marekani, za bei nafuu hupatikana chini ya dola 100. Zipo za vipande vitatu: ikiwa nzima unafungulia mchezo, ukifungua kipande cha nyuma unabaki na ya kurushia; nyingi huuzwa kati ya dola 100 na 300. Halafu kuna za kaboni za kampuni kama Predator, ambazo hufika mamia kadhaa ya dola. Kwa anayeagiza kutoka nje, ongeza usafiri, ushuru na VAT, asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya. Fimbo ya dola 80 ikifika nyumbani si ya dola 80 tena.

Ningekuwa na bajeti moja tu, ningechukua ya vipande vitatu. Kufungua mchezo kwa nguvu kunaharibu ncha ya ngozi ya fimbo yako ya kila siku, kwa hiyo fimbo hiyo ingefanya kazi kila mchezo hata kama sirushi mpira wiki nzima. Ya kaboni namwachia anayeshindana kwa fedha. Anayefikiria njia ya bure, ya kutumia nusu ya mbele ya fimbo peke yake, ajue kwamba sheria za kimataifa zinataka fimbo isipungue inchi 40, na kipande hicho kwa kawaida hakizidi sana 30. Baadhi ya mashindano pia yana masharti juu ya ncha ngumu, hasa kwenye kufungua; uliza kabla ya kulipa.

Kuna pia njia isiyouzwa dukani: kupitia ukingo. Mwaka 1995 huko Reno, Marekani, Efren Reyes wa Ufilipino alizibwa akicheza na Earl Strickland. Aliuzungusha mpira mweupe kwenye kingo mbili, akaugonga uliofichwa na kuuingiza shimoni. Saa za mazoezi ya kingo zitakufaa kwenye meza yoyote, hata ile ya baa.

Na ukishanunua, usianze kwa kuruka mpira mzima. Weka kipande cha chaki njiani, mpira wa kulenga usogeze karibu na mdomo wa shimo. Shika fimbo kwa vidole vilivyolegea, piga katikati kabisa: fimbo ikiwa imeinuliwa, kosa dogo la kushoto au kulia linaupinda mpira. Punguza nguvu hadi mweupe uivuke chaki kwa shida, utue mapema na kutulia kabla ya kufika. Ukifika ungali unadunda, utagonga kichwa cha mwenzake na kurukia sakafuni. Chaki ikishavukwa mara nane kati ya kumi na mpira ukiingia, ndipo uweke namba 7 mahali pake.