Tarehe ya Leo Ndani ya Jaribio

Programu ya mikopo iliyoandikwa kwa Java inataka kujua kama mteja amepitisha siku ya kulipa. Mwandishi anaita LocalDate.now() katikati ya hesabu, analinganisha na tarehe ya mkataba, kazi imekwisha. Tabu inaanza kwenye jaribio. Linadai kwamba mkopo wa kulipwa Juni 30 haujachelewa. Linapita kila siku, kisha Julai mosi linaanguka, na hakuna aliyegusa hata mstari mmoja.

Kwa kawaida tungeweka kibadala, yaani kitu bandia kinachojibu tunavyotaka. Maktaba ya Mockito ilizoea kuunda vibadala kwa kurithi klasi halisi na kufunika metodi zake. Metodi ya statiki kama LocalDate.now() haifunikwi: ni mali ya klasi yenyewe, na kompaila huifunga moja kwa moja pale inapoitwa. Ndiyo maana wengi walikimbilia maktaba ya PowerMock, iliyobadilisha klasi zikiwa zinapakiwa.

Mwaka 2020, Mockito 3.4.0 ikaleta mockStatic kwa ajili ya metodi za statiki. Inafanya kazi, lakini masharti yake yanauma. Kibadala kinaishi kwenye uzi (thread) uliokiwasha tu. Kazi ikihamia uzi mwingine, huko inaitwa metodi halisi. Tena lazima kifungwe, ndiyo sababu huwashwa ndani ya mabano ya try. Kikiachwa wazi, jaribio linalofuata kwenye uzi huohuo linarithi tarehe ya uongo, nawe unasaka kosa kwenye faili lisilo na kosa. Metodi za System nazo Mockito inakataa kabisa kuzigusa.

Mimi naiachia mockStatic msimbo wa zamani na maktaba za watu wengine ambazo huwezi kuzibadilisha. Kwa tarehe haihitajiki. Tangu Java 8 ya mwaka 2014 ipo klasi ya Clock: ipokee kwenye konstrakta, andika LocalDate.now(saa), na katika jaribio ipe konstrakta Clock.fixed yenye siku unayoitaka.

Faida yake kubwa ni kwamba Clock hubeba pia ukanda wa saa. Seva nyingi huendeshwa kwa saa za UTC, na Dar es Salaam iko mbele kwa saa 3. Saa saba usiku wa kuamkia Julai mosi, mteja wa Dar amekwisha chelewa, ilhali seva bado inahesabu Juni 30. Kwa saa iliyogandishwa, usiku huo unajaribiwa kwa mistari miwili.