Kiraka kutoka Matanzas: rekodi za Bert Campaneris

Mwaka 1965 Kansas City Athletics walikuwa wakiburuza mkia, na mmiliki wao, Charlie Finley, alitafuta kila njia ya kuwavuta watu uwanjani. Septemba 8 akampa Dagoberto "Bert" Campaneris, Mcuba wa miaka 23 kutoka Matanzas, kazi ambayo haikuwahi kufanywa katika ligi kuu za besiboli za Marekani: kucheza nafasi zote tisa katika mechi moja.

Alianzia nafasi yake ya kawaida, kati ya besi ya pili na ya tatu, akawa anahama kila zamu. Zamu ya nane akashika kazi ya kurusha, na mpigaji wa kwanza kumkabili alikuwa binamu yake, José Cardenal. Akamtoa. Zamu ya tisa akavaa kinga za mdakaji. Ed Kirkpatrick wa timu pinzani akaja mbio na kumgonga kwa kishindo. Campaneris hakuuachia mpira, ila aliumia bega na kutoka. Timu yake ilifungwa 5-3.

Miaka mitatu baadaye César Tovar wa Venezuela, akichezea Minnesota Twins, akawa wa pili kufanya hivyo. Alipopanda kurusha, mpigaji wa kwanza mbele yake alikuwa Campaneris!

Kumkumbuka Campaneris kwa mechi ile ya 1965 tu ni kumpunja. Katika mechi yake ya kwanza kabisa, Julai 1964, mpira wa kwanza aliorushiwa na Jim Kaat aliupiga ukavuka uzio, na kabla mechi haijaisha akavusha mwingine. Aliiba besi 649, akaongoza ligi yake mara sita, na kwangu mimi hilo ndilo kubwa zaidi, kwa sababu halikupangwa na mmiliki yeyote. Mechi zake 1,795 na mipigo yake 1,882 akiwa na Athletics ni nyingi kuliko za mchezaji mwingine yeyote wa klabu hiyo. Mataji matatu mfululizo, 1972 hadi 1974, aliyatwaa humo humo.

Kisha kuna 1983. Alikuwa ametoka kucheza Mexico, ana miaka 41, Yankees wakamchukua awe kiraka wa besi ya pili na ya tatu. Katika mechi 60 alipiga kwa wastani wa .322, wa juu kuliko msimu wowote wa ujana wake.