Haya ya Desturi na Sheria ya Dini Katika Afya ya Wanawake wa Iran

Husemwa mara nyingi ya kuwa dini ndiyo iliyowafumba vinywa wanawake wa Iran katika mambo ya uzazi na unyumba. Kauli hiyo ina ukweli kiasi, lakini mwenye kuchungua lugha yao, Kiajemi, hataridhika nayo. Vitabu vyao vya dini hunena waziwazi yale ambayo nyumbani hayatajwi.

Zitazameni risala za mujtahidi. Tangu ile ya Ayatollah Borujerdi ilipoenea katika miaka ya 1950, nyingi zimefuata mpango wake: Kiajemi chepesi, na masuala yaliyotiwa nambari. Humo hujadiliwa hedhi, nifasi, istihadha na janaba, maneno ya Kiarabu ambayo Waswahili nao wanayo; hutajwa rangi ya damu, na kwamba hedhi haipungui siku 3 wala haizidi 10. Msichana huhesabiwa kuwa amefikia umri wa kuwajibika kidini akitimiza miaka 9 ya mwezi mwandamo, na mambo haya humpasa kuyajua.

Akiwa na mama yake au shangazi zake, hutumia maneno mengine. Hedhi huitwa qaedegi, neno la asili moja na kawaida yetu, au adat-e mahane, yaani ada ya kila mwezi. Sisi nasi husema mwanamke yumo mwezini. Lugha zote mbili zimeikwepa damu, zikataja kalenda. Juu ya hayo Waajemi wana aberu, ambayo ni heshima ya mtu mbele za watu. Ukilifumbua neno hilo, ab ni maji na ru ni uso; aliyeaibishwa husemwa kuwa maji hayo yamemwagwa. (Msomaji atakumbuka kuwa kwetu asiye na haya ni mkavu wa macho.) Tena aberu si ya binti peke yake, ni ya baba yake na ndugu zake pia, na kwa hiyo maradhi yake ya siri huwa siri ya ukoo mzima.

Neno lenye madhara zaidi, kwa maoni yangu, ni dokhtar. Maana yake ni binti, na maana yake ni bikira, wala mazungumzo ya kila siku hayazitengi maana hizo mbili. Mwanamke wa miaka 40 asiyeolewa ni dokhtar bado. Mganga wa kike akimwuliza kama ni dokhtar au ni mke, ameuliza habari ya ndoa na habari ya mwili kwa pamoja, na jibu moja halitoshi. Akijibu kuwa ni dokhtar, hapimwi shingo ya kizazi. Akisema vinginevyo, amekiri zinaa, ambayo kwa asiye na ndoa sheria ya nchi huiadhibu kwa mijeledi 100. Jamaa wengine hudai hata hati ya mganga ya kuthibitisha ubikira kabla ya harusi. Basi wengi hunyamaza na maumivu yao.

Dini yenyewe imetumiwa kufungua na kufunga. Mpango wa uzazi ulioanza mwaka 1967 ulivunjika baada ya mapinduzi ya 1979, ijapokuwa Ayatollah Khomeini hakuharimisha kuzuia mimba. Hesabu ya watu ya 1986 ilipoonyesha karibu milioni 50, serikali iliurudisha mwaka 1989, ikautungia sheria mwaka 1993. Maimamu waliutetea katika hotuba za Ijumaa, na wahudumu waitwao behvarz, wenyeji wa vijiji vyenyewe, waliupeleka milangoni. Wastani wa watoto kwa kila mwanamke, uliokuwa umepita 6 mwanzoni mwa miaka ya 1980, ulishuka hata karibu 2 kufikia mwaka 2000. Kisha wakubwa wakageuza nia: mwaka 2012 fedha za mpango zilikatwa, na sheria ya 2021 ikakataza vituo vya serikali kutoa bure dawa na vifaa vya kuzuia mimba. Risala zilikuwa zile zile.

Hata katika miaka ile ya neema, mafundisho ya lazima yalitolewa kwa wachumba waliokuwa karibu kufunga ndoa. Dokhtar asiyeposwa hakuwa na darasa hilo la kuketi, isipokuwa yule aliyefika chuo kikuu, ambako somo la mpango wa uzazi lilikuwa la lazima.