MTOTO ALIYEKOSA HEWA AKIZALIWA: ANGALIA NGOZI, PIMA DAMU

Mama, huenda ulijifungulia Kisenyi au Mulago, Kampala, kisha ukarudi kambini na mtoto. Kama alichelewa kulia au kupumua, karatasi hii inakuhusu. Baba na bibi wasikilize pia.

KUPOZWA NI NINI?
Mtoto akikosa hewa, ubongo wake huweza kuumia. Hospitali zenye vifaa humpoza mwili hadi nyuzi 33 au 34 kwa saa 72 ili kuukinga ubongo. Mulago walijaribu kwa chupa za maji. Matokeo ya watoto 36 yalichapishwa mwaka 2008. Mwaka 2021 utafiti mkubwa wa India, Sri Lanka na Bangladesh ulionyesha kuwa waliopozwa walikufa zaidi. Kwa hiyo USIMPOZE mtoto nyumbani. Mfunike apate joto.

NGOZI
Baridi na kukosa hewa huumiza mafuta yaliyo chini ya ngozi. Katika wiki za kwanza huweza kutokea mabonge magumu mgongoni, mabegani, matakoni, mapajani, mikononi au mashavuni. Ngozi nyeusi huficha wekundu, kwa hiyo papasa kwa vidole. Mtoto ambaye hakupozwa naye huweza kuyapata. Mengi hupona yenyewe.

CHOKAA KATIKA DAMU
Mabonge haya huweza kuufanya mwili utengeneze vitamini D kupita kiasi, na madini ya chokaa (kalisi) yakazidi katika damu. Hali hii huweza kuja wiki kadhaa au miezi baadaye, mabonge yakiwa yanapungua. Chokaa ikizidi huharibu figo.

Dalili: hanyonyi vizuri, anatapika, anapata choo kigumu, analegea, anakojoa sana au haongezeki uzito. Wengine hawaonyeshi dalili yoyote.

FANYA HIVI
1. Ukiona bonge, nenda kituo cha afya na karatasi uliyopewa hospitalini. Omba damu ipimwe chokaa.
2. Rudi kila tarehe utakayopangiwa. Kipimo kimoja hakitoshi.
3. Endelea kunyonyesha.
4. Usikande, usichanje, usitumbue, wala usiweke kitambaa cha moto.
5. Usimpe matone ya vitamini D wala dawa ya chokaa bila kumwuliza mganga.
6. Akiacha kunyonya au akilegea, mpeleke siku hiyo hiyo.

Bonge likipungua, usiseme amepona. Damu ndiyo itakayosema.