Rekodi za afya hazina inapokauka

Tuzo ya kisu kikali naipa Ugiriki bila kusita. Mwaka 2010, wakopeshaji waliokuja kuikwamua waliiwekea sharti: fedha za umma za afya zisizidi asilimia 6 ya pato la taifa. Kufikia 2011 bajeti za hospitali za serikali zilikuwa zimepungua kwa takriban robo, na mgonjwa wa nje alitoa euro 5 dirishani kabla ya kumwona daktari. Mwaka huohuo malaria ikazuka kusini, bonde la Mto Evrotas, kwa watu wasiosafiri kokote, katika nchi iliyokuwa imeutokomeza ugonjwa huo tangu miaka ya 1970. Fedha za kupulizia mbu zilikuwa zimekatwa. Huduma za mitaani kwa wanaojidunga dawa za kulevya nazo zilipunguzwa, na maambukizi mapya ya VVU yaliyogunduliwa kati yao yakapanda kutoka 15 mwaka 2009 hadi 484 mwaka 2012. Sindano safi ni kitu cha senti. Dawa za VVU mtu huzimeza maisha yake yote. Hesabu ya namna hii hata mama wa genge asingeikubali.

Sifuri nyingi kuliko zote kwenye noti: Zimbabwe, Januari 2009, dola trilioni 100, sifuri 14. Miezi michache nyuma mshahara wa muuguzi haukutosha hata nauli ya kufika kazini, na hospitali kubwa za Harare zilikuwa zimefunga wadi. Kipindupindu kilichoanza Agosti 2008 kiliwashika watu wapatao 98,000 na kuua zaidi ya 4,000, ingawa ni ugonjwa ambao wengi huponywa kwa maji, chumvi na sukari vikiwahi.

Miongoni mwa nchi tajiri, Marekani inashika rekodi ya ukubwa: mwaka 2020 matumizi ya afya yalikaribia moja ya tano ya pato la taifa. Tusiwapigie makofi mapema. Korona iliongeza matumizi, lakini pia uchumi wenyewe ulisinyaa, na mkate ukipungua kipande kilekile huonekana kikubwa.

Kwa ujasiri, mimi nawataja Wathailand. Baht iliporomoka 1997, nchi ikakopa kwa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF). Kabla deni hilo halijaisha, mwaka 2002, bima ya afya ilikuwa imefika nchi nzima kwa wasio na bima nyingine. Mgonjwa alichangia baht 30 kila aendapo, maskini wakisamehewa.

Wanaowakaribia ni Waingereza. Walianzisha matibabu ya bure kwa wote tarehe 5 Julai 1948, wakati mkate ulikuwa bado wa mgawo. Mwaka wa kwanza miwani zaidi ya milioni 5 iligawiwa, bajeti ikapasuka. Mwaka 1951 serikali ilipoamua kutoza miwani na meno ya bandia huku ikitafuta fedha za silaha, Aneurin Bevan, mwasisi wa huduma hiyo, alijiuzulu uwaziri.